Kurudi Los Angeles ya 1947: Je, L.A. Noire Iliyoboreshwa Inastahili Kuchezwa Tena?

Kesi ya pili ya dawati la mauaji, yaani kitengo cha polisi kinachopeleleza mauaji, katika gemu ya L.A. Noire inaitwa The Golden Butterfly. Mwanamke aitwaye Deidre Moller amekutwa ameuawa, na baada ya kuzunguka mji kutwa nzima mpelelezi Cole Phelps anabaki na watu wawili katika vyumba viwili vya mahojiano. Mmoja ni Hugo Moller, mume wa marehemu, aliyekutwa uani kwake akichoma viatu. Mwingine ni Eli Rooney, mtu mwenye historia ya kuwadhuru watoto, aliyekamatwa baada ya kuonekana akirandaranda kwenye eneo la shule. Ushahidi upo dhidi ya wote wawili, na mchezaji anatakiwa achague wa kumfungulia mashtaka. Mara ya kwanza nilimchagua Rooney bila kusita, mkuu wa Phelps, Kapteni Donnelly, akanisifu, nami nikazima runinga nikiwa nimeridhika kabisa kwamba haki imetendeka.

Hivi karibuni nimeirudia gemu hiyo yote katika toleo lake lililoboreshwa, na kesi hiyo moja ndiyo iliyonisukuma kuandika. Watu kadhaa wameniuliza kama kuna faida yoyote ya kutoa pesa kwa ajili ya gemu ya upelelezi ambayo wauaji wake unawajua tayari, na swali lao ni la haki, kwa sababu katika hadithi nyingi za namna hii ukishajua nani kaua unabaki na maganda tu. Jibu langu ni kwamba inastahili, tena inamstahili zaidi aliyekwisha kuimaliza kuliko anayeianza, ingawa sababu zangu hazifanani sana na zile wanazozitaja wauzaji. Ili nizieleze itanibidi nimwage mtama penye kuku wengi, kwa hiyo asiyetaka kuzijua siri za gemu hii ni vyema aishie hapa.

Niliikuta L.A. Noire mwaka 2012 katika kibanda cha gemu cha mtaani kwetu, Morogoro, ambako tulikuwa tukilipia kwa saa na ambako karibu kila mtu alikuwa anacheza mpira. Gemu yenye hadithi ndefu haikuwa na makazi pale. Unacheza saa moja, unaondoka umeiacha kesi katikati, na ukirudi kesho yake unakuta mtu ameanzisha mchezo mpya juu ya wako na kila ulichokikusanya kimefutika. Kwa sababu hiyo kesi za mwanzo, zile za doria na za usalama barabarani, nilizicheza mara nne au tano, na gari lililotelekezwa la Adrian Black nililikagua mpaka nikavikariri vitu vilivyokuwa ndani na kando yake: miwani, pochi, bomba lenye damu, na ile risiti ya nguruwe hai ambayo peke yake inatosha kumfanya mtu atabasamu akishajua damu ile ilikuwa ya nani. Baadaye kaka yangu alinunua PlayStation 3 iliyotumika, na hapo ndipo nilipoweza kufika mwisho.

Kwa wasioifahamu, gemu ilitengenezwa na Team Bondi, studio ya Sydney nchini Australia, ikaandikwa na kuongozwa na Brendan McNamara, na ikatolewa na Rockstar Games mwezi Mei 2011 kwa ajili ya PlayStation 3 na Xbox 360. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba wenye Xbox 360 walipewa diski tatu. Toleo lililoboreshwa lilitoka tarehe 14 Novemba 2017 kwa PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch, likiwa na kesi zote za awali pamoja na zile tano ambazo zamani ziliuzwa pembeni. Mimi nimelicheza kwenye PlayStation 4 ya kawaida.

Badiliko kubwa kuliko yote halihusu picha hata kidogo. Ni maneno matatu. Katika gemu ya 2011, kila mtu unayemhoji alipomaliza kujibu swali ulitakiwa uchague kama amesema kweli, kama unamtilia shaka, au kama amesema uongo, na ukichagua uongo ulitakiwa utoe ushahidi kutoka kwenye daftari lako. Ukiyasoma hivyo utadhani ni mambo rahisi, lakini chaguo la shaka lilikuwa mtego. Mimi nilikuwa nikilichagua pale nilipohisi kwamba mtu anabakiza jambo dogo moyoni na nilitaka nimuulize tena kwa upole, na ghafla Phelps alikuwa anamfokea mama wa watu kana kwamba amemkuta na kisu mkononi. Nilidhani tatizo ni Kiingereza changu. Niliwasha maandishi ya chini ya picha, nikafungua kamusi kuona kama neno lile lina maana nyingine nisiyoijua, nikarudi kwenye mahojiano, na Phelps akafoka vilevile.

Tatizo halikuwa Kiingereza changu. Wakati gemu inatengenezwa chaguo lile lilikuwa na jina lenye maana ya kushurutisha, na Aaron Staton, mwigizaji wa Phelps, aliigiza kwa kulifuata jina hilo. Baadaye jina likabadilishwa na kuwa shaka, huku uigizaji ukibaki ulivyo. Ndiyo maana wachezaji wa nchi nyingi, wakiwamo waliozaliwa wakisema Kiingereza, walilalamika kwamba Phelps hawaelewi. Ninapoikumbuka kamusi ile iliyochanika jalada, nasikia nafuu ambayo ni vigumu kuieleza kwa mtu asiyewahi kucheza gemu kwa lugha ya kujifunza shuleni.

Toleo la 2017 limeyaondoa maneno yale. Sasa unachagua kuwa askari mpole, kuwa askari mkali, au kumtuhumu mtu moja kwa moja. Wapo wanaosema kwamba ni ubadilishaji wa vibandiko tu, kwa kuwa majibu sahihi ya kila swali yamebaki yaleyale, na ni kweli kwamba yamebaki. Hata hivyo kwangu mimi mahojiano yamekuwa kitu kingine. Maneno ya zamani yalikutaka umhukumu mwenzako, useme yeye ni mtu wa namna gani. Maneno mapya yanakutaka uamue wewe utafanya nini mbele yake. Nilipokuwa nachagua ukali katika toleo hili nilijua kwamba naagiza ukali, na mjane niliyekuwa namhoji alipojikunja kwenye kiti chake sikuwa na wa kumlaumu. Hapa ndipo gemu iliponishika, nami nikaanza kuona kwamba hadithi yenyewe inamhusu anayehoji kuliko anayehojiwa.

Kasoro ipo, nayo nisiifiche. Kwa kuwa jibu sahihi bado limefungwa kwenye swali la zamani la kama mtu amesema kweli, kuna nyakati ambapo busara ya kawaida inakuambia umsemeshe kwa upole kijana aliyejaa hofu, na gemu inakuhesabia kosa kwa sababu kijana yule alikuwa anaficha jambo. Walioboresha walibadilisha mlango wakaiacha nyumba ilivyokuwa.

Sasa niseme habari ya nyuso, kwa maana bila nyuso gemu hii isingekumbukwa. Team Bondi walitumia mfumo ulioitwa MotionScan, uliotengenezwa na kampuni dada ya Depth Analysis, ambao ulimweka mwigizaji kwenye kiti katikati ya kamera 32 zilizorekodi kila mkunjo wa uso wake akiwa anasema maneno yake. Hakukuwa na mchoraji aliyekaa kubuni namna ya kupepesa macho. Macho yaliyopepesa ni ya mwigizaji mwenyewe. Kwa upande mwingine, miili ilirekodiwa mbali na vichwa, na ndiyo sababu mara kwa mara unaona uso uliojaa uhai umekaa juu ya shingo isiyojua kinachoendelea. Zamani sikuliona hilo. Leo, kwenye picha angavu ya PlayStation 4, linaonekana waziwazi, kwa sababu nguo, kuta, magari na mwanga wa jua vimesafishwa vikapendeza, lakini nyuso ni zilezile zilizorekodiwa zamani, na karibu na kola ya shati yenye nyuzi za kuhesabika uso unaonekana laini kidogo, kama picha iliyokuzwa kupita kipimo chake.

Lakini mtu akiuliza kama nyuso zile bado zinafanya kazi, namjibu kwamba sijaona gemu nyingine iliyozifikia kwa jambo lake, na kwamba zinafanya kazi vizuri zaidi ukishajua majibu. Mara ya kwanza unatafuta dalili: mtu ameangalia pembeni, amemeza mate, ameuma mdomo, basi anadanganya. Waigizaji waliagizwa watie chumvi ili mchezaji asikose kuona, na kwa mara ya kwanza unashukuru. Mara ya pili huna haja ya dalili, kwa hiyo unaanza kuona watu. Hugo Moller sasa najua kwamba hakumuua mkewe, na ninapomtazama naona kwamba hasira ile niliyoichukua zamani kuwa ni ya mtu aliyebanwa ni hasira ya mume mbaya ambaye mkewe amekufa kabla hajapata nafasi ya kujirekebisha. Uso ni uleule, mwigizaji ni yuleyule, hakuna hata chembe iliyoongezwa katika uboreshaji. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi, na gemu hii imejengwa juu ya imani hiyohiyo. Ukiirudia unagundua kwamba wengi wa waongo wake hawafichi mauaji, wanaficha aibu, na aibu na hatia vikiwa usoni havitofautiani.

Mambo mengine yaliyoongezwa nitayapita haraka. Kuna vitabu na santuri za dhahabu za kutafuta mjini, kuna suti mpya, kuna namna ya kusimamisha mchezo na kupiga picha, na wenye Switch wanaweza kukagua ushahidi kwa kugusa kioo. Kuna pia toleo la miwani ya uhalisia pepe, lenye kesi saba, lililotoka Desemba 2017, ambalo sijalicheza. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho kingenifanya nitoe senti.

Vilevile yapo yaliyoachwa bila kuguswa ambayo yalihitaji kuguswa. Mji ni mkubwa na umejengwa kwa uangalifu wa ajabu, kwa kutumia picha za angani za Los Angeles ya zamani, lakini hakuna mengi ya kufanya ndani yake zaidi ya kuitikia miito ya redio kuhusu uhalifu wa mitaani, nayo miito hiyo hufanana: fukuza, piga risasi, rudi garini. Kubwa zaidi ni kwamba bado gemu inajihifadhi yenyewe, kwa wakati inaoutaka yenyewe, na ukikosea swali moja katika mahojiano marefu huwezi kurudi hatua moja nyuma. Kwa mchezaji mpya hilo ni sawa, linamfundisha kuishi na makosa yake. Kwa anayeirudia akitaka kusikia jibu ambalo hakulisikia mara ya kwanza ni adha tupu. Ushauri wangu ni umwachie mpelelezi mwenzako usukani kila unapoweza, ili muda wako uende kwenye vyumba vya mahojiano.

Nimeupenda mji huo hata hivyo, hasa katika kesi ya mwisho ya dawati la mauaji, The Quarter Moon Murders, ambapo muuaji anaacha beti za ushairi zinazokupeleka kutoka chemchemi ya Pershing Square hadi kwenye jengo la kumbukumbu la Hall of Records na maeneo mengine ya kihistoria. Mojawapo ya maeneo hayo ni magofu ya jukwaa kubwa la filamu ya Intolerance ya mwaka 1916, unayoyapanda huku mbao zikivunjika chini ya miguu yako. Kwa hakika jukwaa hilo lilikuwa limekwisha kubomolewa miaka mingi kabla ya 1947. Mara ya kwanza sikulijua hilo. Mara ya pili nililijua na sikuwaonea kinyongo, kwa sababu mji unaokumbuka majengo yake yaliyokufa ni mahali pazuri pa kutafutia muuaji.

Kesi hiyo ndiyo inayobadilisha maana ya zile zote zilizotangulia. Tunagundua kwamba wanawake wote wa dawati la mauaji waliuawa na mtu mmoja, Garrett Mason, mhudumu wa baa tuliyekwisha kumwona nyuma ya kaunta bila kumtilia maanani, na kwamba gemu inamfanya yeye ndiye aliyemuua pia Elizabeth Short, yule msichana wa kweli ambaye mwili wake ulikutwa Los Angeles tarehe 15 Januari 1947 na ambaye muuaji wake halisi hajajulikana mpaka leo. Watu tuliowashtaki hawakuwa na hatia ya mauaji yale. Mason ana ndugu mwenye madaraka makubwa, kwa hiyo habari inazimwa, wafungwa wanaachiwa kimyakimya, na wapelelezi wanaambiwa wasiseme neno. Funika kombe mwanaharamu apite. Wachezaji wengi walikasirika zamani, mimi nikiwa mmojawao, kwa kuona kwamba kazi yetu yote ilikuwa ni kutwanga maji kwenye kinu. Sasa naona kwamba hasira ile ndiyo waliyoikusudia watengenezaji, na kwamba haiwezi kueleweka sawasawa mpaka mtu arudi mwanzo na kuwashtaki watu walewale akiwa anajua.

Na yupo mmoja ambaye hakuna anayemhoji. Phelps anabeba daftari lenye jina la kila mtu isipokuwa lake. Kati ya kesi na kesi tunaonyeshwa vipande vya vita vya Okinawa, kisiwa cha Japani, ambako alikuwa afisa kijana mwenye kufuata vitabu kuliko kusikiliza watu, akatunukiwa medali ambayo yeye mwenyewe haamini kwamba aliistahili, na ambako amri yake iliteketeza pango lililojaa raia majeruhi. Mara ya kwanza vipande vile vilinikera kwa kunikatisha. Mara ya pili nilivisubiri. Nilianza kumwangalia Phelps kama anavyowaangalia wengine, na nikaona kwamba kila mtu anapomtajia vita anafanya yaleyale anayowakamatia watuhumiwa: anaangalia pembeni, anabadilisha mazungumzo, anajibu swali ambalo hakuulizwa. Hata uhusiano wake na Elsa Lichtmann, mwimbaji wa Kijerumani wa klabu ya Blue Room, ambao zamani ulinijia ghafla nikaona kwamba mwandishi ametuibia, sasa unaonekana ukichipua mapema machoni mwake ukijua pa kutazama. Wanaosema kwamba tulifichwa jambo hilo wako sahihi. Tulifichwa na mume aliyekuwa akimficha mkewe, na sisi tuliokuwa tunasoma nyuso za watu wote hatukuusoma uso wa yule tuliyemwendesha kwa padi ya kuchezea.

Kwa sababu hiyo pia sikuumizwa tena na gemu inapomwacha Phelps karibu na mwisho na kumkabidhi mchezaji kwa Jack Kelso, askari mwenzake wa Okinawa. Kelso ndiye shahidi pekee anayemjua Phelps, na mtu anayeifahamu hadithi anampokea kama shahidi aliyechelewa kufika mahakamani.

Siwezi kuisifu kazi hii bila kuwataja walioifanya. Baada ya gemu kutoka, wafanyakazi wa zamani wa Team Bondi walijitokeza kulalamikia saa za kazi zisizo na mwisho, na ikajulikana kwamba zaidi ya watu mia moja walioshiriki hawakuandikwa kwenye orodha ya majina inayopita mwishoni. Mwaka huohuo wa 2011 studio ikaingia mikononi mwa wafilisi. Nilipoufikia mwisho safari hii sikubonyeza kitufe cha kuruka majina. Niliyaacha yapite yote, nikiwafikiria wale wasiokuwamo, kwa sababu uso wa kila mtuhumiwa niliyemsifu hapo juu ulipita mikononi mwa mtu fulani aliyekesha.

Kwa hiyo, kama unayo gemu ya 2011 na mashine yake bado inawaka, na unachotaka ni kuona mji ukiwa mwangavu zaidi, usinunue. Subiri punguzo au irudie hiyohiyo uliyonayo. Kama uliwahi kuimaliza ukabaki na kinyongo kwa sababu Phelps alikuwa akifoka usipomtuma, au kwa sababu kesi za mauaji zilikuacha umedanganywa, basi toleo hili limetengenezwa kwa ajili yako pengine kuliko watengenezaji wenyewe walivyojua. Na kama unakusudia kuipakua, hakikisha umenunua kifurushi kikubwa cha intaneti na una usiku mzima wa kusubiri, kwa maana ni nzito.

Nilipoifikia The Golden Butterfly kwa mara ya pili nilikaa muda mrefu kati ya vyumba vile viwili. Moller alikuwa upande mmoja, Rooney upande mwingine, na Kapteni Donnelly nje akisubiri nimshtaki Rooney, kwa sababu kwake yeye mtu wa namna ile ni bora afungwe kwa kosa lolote. Niliingia kwa Rooney, nikatoka. Nikaingia kwa Moller, nikafuata maswali yake yote kwa upole mpaka yakaisha. Hakuna kitufe cha kusema kwamba si huyu wala si yule, wala hakuna cha kuwaachia wote. Nilimshtaki Moller, ili nione kitakachotokea, na Kapteni akanifokea mbele ya wenzangu kwa kumwachia mharibifu wa watoto arudi mtaani. Nilibaki nimeshika padi, nikimtazama Phelps akiyapokea maneno yale bila kujibu, naye macho yake yakiwa yameelekea pembeni.